Dawa za akili zifike zahanati: shajara ya mradi, tambarare ya Moshi

Sisi ni kundi la vijiji vitatu, na ombi letu ni moja. Mgonjwa wa akili au wa kifafa anayeishi tambarare ya Moshi achukue dawa yake ya mwezi kwenye zahanati ya kijiji chake, asipande mjini kila mara. Zahanati ni tatu, zote za halmashauri ya wilaya, upande wa mpunga na miwa. Majina yake hatuyaandiki humu: vijiji ni vidogo, ukishataja zahanati ni kama umemtaja mgonjwa.

Agosti, juma la 2

Tumeanza na nauli, kwa sababu ndiyo hesabu ambayo diwani, mchungaji na mwendesha bodaboda wote wanaielewa bila semina. Dawa huchukuliwa mara 12 kwa mwaka. Mgonjwa aliye chini ya dawa nzito au mwenye kifafa hasafiri peke yake, kwa hiyo ni watu wawili, kwenda na kurudi: nauli 48 kwa mwaka kwa mgonjwa mmoja. Siku ya kibarua anayopoteza msindikizaji haimo humo.

Matibabu yenyewe hayatakiwi kulipiwa. Magonjwa ya akili yamo kwenye orodha ya magonjwa ya kudumu yenye msamaha katika vituo vya serikali, pamoja na kifua kikuu na ukoma. Ila msamaha hufanya kazi pale tu dawa ipo dirishani. Isipokuwepo unaandikiwa karatasi ukanunue duka la dawa, na muuza duka hajui habari ya msamaha.

Agosti, juma la 4

Tulitaka kuanza na mkutano wa hadhara. Bahati nzuri mganga mfawidhi mmoja alitukubalia kwanza tuione leja ya dawa. Yaliyomo yamebadilisha mpango wote.

Ukurasa wa kabamazepini, dawa ya kifafa, ya miligramu 200, kipindi cha siku 60: salio la kuanzia vidonge 200, vilivyopokelewa 0, vilivyoharibika 0, salio la kufungia 0. Mwandishi wa oda akapiga hesabu ya kawaida (salio la kuanzia, jumlisha kilichopokelewa, toa hasara, toa salio la mwisho) akapata matumizi ya vidonge 200. Akaagiza kwa kipimo hicho.

Lakini kadi ya stoo inaonyesha vidonge viliisha siku ya 12. Siku 48 zilizobaki stoo ilikuwa kavu. Fomu ya taarifa na oda ina safu ya siku ambazo dawa haikuwepo, nayo ilikuwa tupu. Ukiijaza, hesabu inakuwa hivi: 200 mara 60, gawa kwa 12, unapata 1,000. Tukaipima kwa njia nyingine. Wagonjwa wa dawa hiyo wanaofahamika pale ni 8, kila mmoja vidonge viwili kwa siku: 8 mara 2 mara 60 ni 960. Njia mbili zimekutana karibu mahali pamoja. Zahanati ilikuwa inaomba sehemu ya tano ya inachohitaji, na Bohari ya Dawa, ghala la serikali linalogawa dawa vituoni, ilikuwa inatimiza ilichoombwa.

Gurudumu lenyewe ndilo hilo. Dawa inaisha mapema, wagonjwa wanakwenda mjini, leja inaonyesha matumizi madogo, oda inayofuata inapungua, dawa inaisha mapema zaidi. Baada ya vipindi vitatu au vinne mstari unafikia sifuri, na mtu anakwambia kwa moyo mweupe kabisa kwamba "hapa hatuna wagonjwa wa aina hiyo."

Kwa kifafa jambo hili ni la hatari, mbali na usumbufu. Dawa ya degedege ikikatishwa ghafla, hasa fenobabitali, mgonjwa anaweza kupata degedege mfululizo. Degedege likipita dakika 5 ni la kukimbizwa hospitali. Na jikoni kwetu ni mafiga matatu chini. Makovu ya moto mikononi mwa wagonjwa wa kifafa hayahitaji maelezo.

Septemba, juma la 1

Zahanati ya pili na ya tatu: kosa lile lile la safu tupu. Moja ina ukurasa wa haloperidoli, dawa ya ugonjwa wa akili, lakini haina wa benzheksoli, dawa ya kutuliza madhara yake. Tutarudi hapo.

Septemba, juma la 3

Rejesta. Kitabu Na. 5 cha MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, ndicho cha wagonjwa wa nje, na safu ya utambuzi wa ugonjwa ndiyo inayokwenda kwenye ripoti ya mwezi. Kisichoandikwa humo hakipo, hata kama kimekaa kwenye benchi tangu asubuhi.

Mgonjwa wa sonona haji zahanati akisema ana sonona. Husema usingizi umekata, moyo unakwenda mbio, kichwa kinawaka, tumbo linaunguza, "mawazo mengi." Muuguzi mwenye foleni ya watu arobaini ataandika vidonda vya tumbo, au UTI, naye atatoa dawa ya hayo. Hatumlaumu, hakuna aliyemfundisha kuuliza la pili.

La pili tumelichukua kwenye PHQ-9 ya Kiswahili. Ni maswali tisa ya kupima sonona, juu ya majuma mawili yaliyopita, kila moja alama 0 hadi 3, jumla 27. Kuanzia 10 mtu anahitaji kuangaliwa kwa karibu. Zahanati yenye mhudumu mmoja haitamuuliza kila mgonjwa maswali tisa, kwa hiyo tumependekeza waanze na mawili ya juu: kukosa hamu au raha ya kufanya mambo, na kujisikia huzuni au kukata tamaa. Alama 3 au zaidi kwa hayo mawili, ndipo yaulizwe saba yaliyobaki.

Tahadhari juu ya swali la tisa, la mawazo ya kujidhuru au kuona afadhali kufa. Wahudumu wengi hulirusha wakiogopa kumtia mtu wazo. Kuuliza hakumtii mtu wazo; mara nyingi humpunguzia mzigo. Liulizwe faraghani, mlango umefungwa, shangazi aliyemsindikiza akiwa nje. Jibu likiwa ndiyo, asiachwe peke yake siku hiyo, apate rufaa, na asipewe amitriptilini, dawa ya sonona, ya mwezi mzima mkononi. Dawa hiyo ni hatari ikimezwa nyingi kwa mpigo. Apewe ya juma moja, na ndugu ndiye aitunze.

Kuna jambo linalofanya familia zifiche. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu bado kinahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Kwa hiyo kwenye rejesta utakuta "amekunywa sumu kwa bahati mbaya." Kubadili sheria hakumo kwenye uwezo wa kundi la vijiji vitatu. Tulichokifanya ni kukaa na watendaji wa vijiji na kukubaliana kwamba simu ya kwanza ni ya usafiri wa hospitali.

Septemba, juma la 4

Waganga wa jadi wawili na viongozi wa dini watano. Kikao cha saa mbili, chai na mihogo.

Hatukuwaambia waache kazi yao. Waganga wanatambuliwa na sheria, Na. 23 ya 2002, na familia nyingi hupita kwao kwanza tupende tusipende. Tuliomba mambo matatu: asiyelala usiku tatu mfululizo huku akizungumza bila kutulia, anayeanguka degedege, na anayekataa kula na kunywa, hao wapelekwe zahanati siku hiyo hiyo, maombi au kombe liendelee baadaye. La nne, la kutofunga mtu kwa mnyororo, lilileta ubishi mrefu. Mganga mmoja aliuliza swali ambalo hatukuwa na jibu zuri kwake: akivunja vitu vya watu usiku, na zahanati inafungwa saa tisa na nusu, mnataka tufanyeje? Jibu la kweli ni namba ya simu inayopokelewa usiku. Tumeiweka kwenye orodha ya maombi.

Matangazo yatapita baada ya ibada ya Jumapili, kwenye jumuiya ndogondogo, na baada ya sala ya Ijumaa. Tangazo ni la sentensi tatu na halina neno kichaa, chizi wala mwehu. Tumeandika "mgonjwa wa akili" na "mwenye kifafa," basi.

Oktoba, tarehe 10

Siku ya Afya ya Akili Duniani. Hotuba, fulana, picha. Saini 312 zilikusanywa kwenye karatasi ya maombi. Mwenye kipaza sauti akataka kusoma majina ya familia "zinazohitaji msaada," ikabidi azuiwe. Kuanzia leo orodha yoyote ya mradi ina namba na kijiji tu. Majina yanabaki kwenye faili la zahanati.

Oktoba, juma la 3

Barua imerudi. Ilikwenda moja kwa moja kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, ikiwa na saini zote 312, haikupita kwa mtu yeyote. Masjala wakaituma irudi ianze upya.

Kwa wanaotaka kuiga: barua iandikwe kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri, chini yake K.K. (kupitia kwa) Mtendaji wa Kata, chini yake K.K. Mtendaji wa Kijiji. Kila K.K. iwe na saini, tarehe na muhuri kabla ya kwenda ngazi ya juu. Nakala kwa Mganga Mkuu wa Wilaya na kwa diwani. YAH iwe ya mstari mmoja: OMBI LA DAWA ZA AFYA YA AKILI NA KIFAFA KATIKA ZAHANATI TATU. Viambatisho viwili, hesabu ya leja na muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji. Mkutano huo kisheria hukaa angalau kila miezi mitatu. Ukiukosa wa Septemba unasubiri Desemba, na Desemba ni Desemba.

Toa nakala moja ya ziada, igongwe muhuri wa kupokelewa, ukae nayo. Bila hiyo, ukifuatilia utaambiwa barua haijaonekana.

Saini tumeziacha nyumbani safari hii. Ukurasa mmoja wa leja umezaa maswali mengi kuliko karatasi kumi na moja za saini.

Novemba, juma la 2

Kikao na mratibu wa afya ya akili wa wilaya na mfamasia. Hapa ndipo ombi lilipovunjwa na kuundwa upya, na walikuwa na haki.

Kosa la kwanza: tuliomba dawa bila kuangalia herufi. Kwenye orodha ya taifa ya dawa muhimu kila dawa ina ngazi yake: A zahanati, B kituo cha afya, C hospitali ya wilaya, D rufaa ya mkoa, S wataalamu. Ukiiombea zahanati dawa isiyo ya ngazi yake, mfumo wa oda unaikataa na ombi lote linaonekana la wasiojua. Njia iliyopo ni kituo cha afya cha karibu kuiagiza kwa jina lake, kisha dawa ishuke na muuguzi wa akili siku ya kliniki ya mwezi.

Kosa la pili: dawa zinazokwenda pamoja tulizitenganisha. Haloperidoli bila benzheksoli ni kujitafutia balaa. Mgonjwa akikakamaa shingo, ulimi ukatoka, macho yakageuka juu, familia inasema jini limepanda na dawa inatupwa chooni. Benzheksoli hutuliza hali hiyo, na maelezo ya dakika mbili kabla ya kuanza dawa huizuia isiwe kisa cha kijiji kizima.

Sindano ya flufenazini ya mwezi, ya mafuta, inawafaa wanaosahau vidonge. Lakini inataka sindano nene, ya namba 21, na muuguzi aliyefundishwa kuchoma msuli wa takoni. Ukiiagiza dawa ukasahau bomba na sindano zake, itakaa kabatini hadi iharibike.

Klopromazini, dawa nyingine ya akili: anayeitumia ngozi yake huungua na jua upesi. Kwa mtu anayeshinda kwenye jaruba la mpunga hilo si jambo dogo. Kofia pana na mikono mirefu, au daktari abadilishe dawa.

Fenobabitali ni dawa ya kudhibitiwa. Iwe na kabati la kufuli na daftari lake. Zahanati moja kati ya tatu haina kabati hilo. Fundi wa mtaani anaweza kulitengeneza, na hii ndiyo sehemu pekee ya ombi ambayo kijiji kinaweza kujilipia.

Desemba, juma la 1

Kamati za usimamizi za zahanati. Tangu fedha zianze kwenda moja kwa moja kwenye akaunti za vituo, mwaka wa fedha 2017/18, kamati hizi ndizo zinazopitisha mpango wa kituo, na mwenyekiti wake ni mwananchi. Watu wengi bado wanapanda hadi halmashauri kuomba kitu ambacho kingeamuliwa chini ya mwembe wa zahanati.

Kwenye zahanati ya kwanza mjumbe aliuliza, "Sasa mzee mwenyekiti, hawa si wa Mirembe hawa?" Ni swali la wengi. Jibu tulilompa: Mirembe, Dodoma, ni ya taifa, hapa Moshi ipo Mawenzi, hospitali ya rufaa ya mkoa, na KCMC ya kanda. Mgonjwa akishatulizwa huko anarudi nyumbani, na kinachobaki ni kidonge cha kila siku. Mwenye presha hakai hospitali ya rufaa maisha yake yote kwa ajili ya kidonge.

Kamati mbili zimepitisha. Ya tatu haikutimiza akidi.

Desemba, juma la 4

Kazi za ofisi zimesimama, watu wanarudi nyumbani kwa Krismasi. Huu ndio wakati wa kuonana na kaka mkubwa aliyeko Dar, anayelipa gharama na kutoa uamuzi. Familia sita zimekubali jambo ambalo kwa simu zilikuwa zinalipiga chenga: mgonjwa atolewe chumba cha uani, aanze kliniki.

Mbege nayo ipo. Wapo wanaoacha dawa siku tatu "ili isigombane na pombe." Ujumbe tuliopeleka ni mfupi: dawa isikatishwe, pombe ndiyo ya kuachwa, na juu ya fenobabitali hata kidogo inaweza kumzimisha mtu.

Januari, juma la 3

Mipango ya vituo inaingizwa kwenye mfumo. Tulikaa na waganga wafawidhi watatu kuhakikisha shughuli imeandikwa kwa namna inayoweza kulipwa. "Kuboresha huduma za afya ya akili" haina bei, hivyo hukatwa ya kwanza bajeti ikibana. Imeandikwa hivi: kliniki ya mkoba ya afya ya akili, siku 1 kwa mwezi, miezi 12, muuguzi 1, petroli ya pikipiki lita 6 kwa safari, jumla lita 72. Mstari wa pili ni dawa, kwa idadi ya vidonge. Mstari wa tatu ni mafunzo ya siku tatu kwa mhudumu mmoja wa kila kituo, kwa mwongozo wa mhGAP wa Shirika la Afya Duniani, ambao umeandikwa makusudi kwa wahudumu wasio wataalamu wa akili.

Februari

Kamati ya Maendeleo ya Kata imejadili na kupitisha. Kamati ya tatu ya zahanati imepata akidi siku ya mwisho, baada ya mjumbe mmoja kufuatwa shambani kwa pikipiki. Baraza la Madiwani limepitisha bajeti. Mstari wa mafunzo umekatwa, miwili mingine imebaki.

Aprili, juma la 2

Masika. Kliniki ya majaribio imefanyika zahanati mbili. Ya tatu barabara imekatika kwenye mfereji na muuguzi amerudi njiani.

Mambo mawili ya kurekebisha. Tulipanga kliniki siku ya gulio tukidhani watu watakuwa njiani. Kweli walikuwa njiani, wote, wakiangalia nani anaingia chumba gani. Sasa ni Jumatano isiyo na gulio, na wagonjwa wa akili wanakaa benchi moja na wa presha na kisukari, kadi za rangi moja. Pili, wengi waliofika ni wa kifafa. Hilo si dosari. Kliniki za akili ndivyo zilivyo hapa nchini, na kifafa ndicho kinachowafungulia mlango wengine, kwa kuwa mama akiona degedege la mwanawe limekoma miezi miwili humvuta na jirani yake.

Safu ya siku bila dawa sasa inajazwa kwenye zahanati zote tatu. Tumebandika hesabu ya vidonge 200 na 1,000 ukutani mwa stoo, kwa kalamu nene.

Julai, juma la 3

Mzigo wa kwanza wa mwaka mpya wa fedha umefika. Tumehesabu pamoja na wajumbe wa kamati, boksi kwa boksi, kabla ya kusaini hati ya kupokelea. Ukisaini kwanza ukahesabu baadaye, pungufu ni lako.

Kabamazepini: vidonge 1,000 kwa zahanati ya kwanza, kama ilivyoombwa. Fenobabitali imefika na kabati lipo, kufuli mbili. Haloperidoli imefika. Benzheksoli imeandikwa kwenye hati kwamba haipo bohari.

Mganga mfawidhi ameomba kibali cha kuinunua kwa mshitiri wa mkoa, muuzaji binafsi mwenye mkataba wa kuuzia vituo dawa zisizopo bohari. Barua imepita K.K. zote kwa siku nne. Hadi ipatikane, wagonjwa wa kabamazepini na fenobabitali wanaanza kuchukua dawa kijijini Jumatano hii. Wa haloperidoli wanaendelea kupanda mjini.